Weusi wa Lulu za Koko Zaituni

Mjukuu wa dada yangu ameanza kuuza mikufu karibu na soko kuu. Juzi alinijia na mkufu wa lulu nyeusi, akauweka mapajani mwangu na kuuliza, "Koko, hii iko vrai ao faux?" Nikamwambia kuuliza kama ni ya kweli au ya bandia ni swali la mvivu. Akanuna mpaka akasahau kunywa chai yake. Basi haya ninayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wenzake wote mnaokaa nyuma ya visanduku vya vioo mkidhani kwamba lulu ina majibu mawili tu.

Lulu nyeusi huulizwa maswali mawili. La kwanza: wewe ni nani? Yaani umezaliwa na chaza wa bahari, na chaza wa mtoni, au umetoka kiwandani? La pili: umefanywa nini? Kwa maana lulu inaweza kuwa ya kweli kabisa, na weusi wake ukawa wa kutiwa. Mimi nimetunga lulu miaka zaidi ya thelathini, na majuto yangu makubwa kuliko yote yalitokana na kulijibu hilo swali la pili kwa haraka. Nitafika huko. Miguu inaniuma siku hizi, kwa hiyo sitakimbia.

Nilianza kazi katika miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala na mji huu ukiwa bado na jina la kizungu, ingawa nyumbani sisi tulisema Kisangani tu. Mwanamke wa kwetu mwenye kazi ya mshahara alikuwa kioja. Watu walisimama barabarani kunitazama nikipita asubuhi, na mama mmoja jirani alimwambia mama yangu kwamba nikiendelea hivyo sitapata mume. Nilimpata, tena mzuri, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya macho ya mtu. Kulikuwa na sonara mmoja Mgiriki, tukimwita Musyé Niko, yaani Bwana Niko, mwenye duka kule upande wa wazungu. Mke wake ndiye aliyekuwa akitunga lulu za wateja, na macho yakaanza kumwishia. Siku moja sokoni aliona mkufu wa ushanga shingoni mwa mama yangu, akauliza ni nani aliyeutunga. Mama akasema, "Ni binti yangu, Mwajuma." Wiki iliyofuata nilikuwa nimeketi kwenye kiti katika chumba cha nyuma cha lile duka, mbele yangu sahani yenye kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa lulu za mwanamke nisiyemjua.

Katika chumba hicho alikuwemo fundi wa dhahabu, Papa Romain, mtu wa zile familia za wavuvi wa maporomoko ya mto, Mkatoliki asiyekosa misa. Ndugu zake wote walikuwa mitegoni wakivua samaki. Yeye peke yake ndiye aliyeacha maji akafuata moto. Mwalimu wangu alikuwa huyo, ingawa hakuna aliyempa kazi ya kunifundisha, na wala hakujua kubembeleza. Siku ya kwanza lulu tatu ziliniponyoka zikaingia chini ya kabati. Nilipiga magoti nikaanza kupapasa.

"Malembe," akaniambia, yaani polepole, bila hata kunyanyua macho kutoka kwenye kazi yake. "Lulu haiko na miguu. Ni weye njo uliikimbizisha."

Alinifundisha kufunga fundo baada ya kila lulu, ili uzi ukikatika ianguke moja tu na si zote. Alinifundisha kusukuma fundo kwa ncha ya sindano mpaka liguse tundu, bila kulikaza mno. Lakini zaidi ya yote alinifundisha kutazama tundu lenyewe. Muuzaji hutazama uso wa lulu, kwa sababu mnunuzi naye hutazama uso. Anayetunga yeye hupitisha sindano tunduni, na tunduni ndimo lulu inapoonyesha tumbo lake. Chukueni lenzi, geuzeni lulu kuelekea dirishani, mtazame ukingo wa tundu. Kama ni kioo kilichopakwa rangi, mtaona ngozi nyembamba imebanduka na chini yake kioo kinang'aa. Kama ni lulu, mtaona matabaka, moja juu ya lingine.

Mkikosa lenzi, jino mnalo. Pitisheni lulu taratibu kwenye ncha ya jino la mbele. Kioo huteleza, lulu hukwaruza kidogo, mithili ya mchanga laini. Nasema taratibu kwa sababu kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa barabara ya Bengamisa, mtu mwenye mwili na kelele, aliyemnunulia mkewe mkufu mweusi kwa mtu aliyeshuka kwenye meli. Alipotusikia tukizungumza habari ya jino, akanyakua mkufu wake akaung'ata kama mahindi ya kuchoma. Ilikuwa si lulu wala kioo. Ilikuwa ni jiwe, lile zito la rangi ya chuma linalosuguliwa mpaka likang'aa. Nusu ya jino lake ilibaki kiganjani. Mke alipata mkufu, bwana akapata pengo, na Papa Romain akalazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Lulu nyeusi ya kuzaliwa ni adimu. Kwa miaka yote ile niliishika mara chache sana. Inatoka kwa chaza wa bahari za mbali, na ukweli ni kwamba si nyeusi. Igeuzeni kwenye mwanga na mtaona kijani, mtaona zambarau, rangi zinazokimbizana kama shingoni mwa njiwa. Na hakuna mbili zinazolingana. Mkiona mkufu mzima umelingana, kila punje nyeusi sawasawa na mwenzake, hapo ndipo mwanze kushuku.

Habari ya kushuku ilinijia kutoka nyumbani kwetu. Kaka yangu alifanya kazi kwa mpiga picha, na vidole vyake vilikuwa na madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni, kwa majivu wala kwa limau. Mama alikuwa akimkataza kutia mkono kwenye sahani ya pondu, yaani kisamvu, pamoja nasi. Ilikuwa ni ile chumvi ya fedha wanayotumia kwenye picha. Ikigusa ngozi huioni, ila ukitoka juani inageuka nyeusi. Basi siku moja bibi mmoja wa kizungu alileta mkufu wake wa lulu nyeusi alioununua Ulaya, nami nilipotazama tunduni nikaona weusi uliotulia pembezoni na kwenye nyufa, weusi uleule wa kucha za kaka yangu. Nikamwambia Musyé Niko.

"Unajuaje?" akauliza.

"Vidole ya kaka yangu iko vile vile, Musyé."

Alicheka, lakini alichukua sindano akakwangua kidogo ndani ya tundu, akaudondosha unga wake juu ya karatasi nyeupe. Unga ulikuwa na weusi. Lulu iliyozaliwa na rangi yake, unga wake huwa mweupe au wa kijivu kidogo tu. Iliyonyweshwa fedha huwa imelowa mpaka ndani. Musyé Niko hakuridhika, akampelekea daktari rafiki yake azipige picha ya mifupa, na kwenye ile picha fedha ikaonekana kama duara jeupe. Aliporudi alinipa mkono mbele ya mkewe na mbele ya Papa Romain. Tangu siku hiyo lulu nyeusi ikiingia dukani, kwanza ilikuja kwangu.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunivimba. Ninyi vijana mnasifiwa kila siku kwenye simu zenu, hamwezi kujua jinsi sifa moja ilivyoweza kumlewesha msichana wa wakati ule. Nilianza kuwaambia wateja mambo wasiyoniuliza. Papa Romain aliniona, akanionya kwa namna yake. Siku moja alitoa mfukoni kikopo cha ugoro, ndani mna punje ndogo ya rangi ya chai iliyokolea. Nduguye aliikuta kwenye chaza wa wale wanaong'ang'ania mawe ya maporomoko.

"Bon, weye fundi mukubwa," akasema. "Sema hii iko nini."

Nikatazama na lenzi, nikaipitisha kwenye jino, nikaigeuza mara kumi. Ilikwaruza kama lulu, ila haikung'aa kama lulu. Nikamwambia sijui.

"Voilà. Hata mi sijui," akasema, akakifunga kikopo. "Kusema sijui haiuaka mutu."

Kama ningelishika neno hilo kwa miezi miwili tu, nisingekuwa na kisa cha kuwaandikia.

Sasa Koko Zaituni. Pale kwetu mwanamke mzee huitwa koko, na huyu alikuwa koko wa mtaa mzima. Alikuwa mama mfupi mwenye mgongo ulionyooka, wa zile familia zetu za Kiislamu zilizotokana na wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani zamani na wanawake waliowakuta katika nchi hii. Alikuwa na mkufu wa lulu nyeusi ambao mtaa mzima uliujua. Baba yake, mtu wa pwani, ndiye aliyempa mama yake. Kila binti wa ukoo ule alipoolewa aliuvaa siku ya arusi, kisha ukarudi sandukuni. Na sasa mjukuu wake Aziza alikuwa anaolewa, uzi umechoka, ikabidi utungwe upya.

Alikuja dukani mchana, amefuatana na Mama Salima, shangazi wa bwana arusi. Mama Salima alikuwa mwanamke mwenye sauti na mwenye safari nyingi za kutembelea watu. Kilichosemwa mbele yake asubuhi, jioni kilikuwa kimeshavuka mto.

Nilipokea mkufu kwa mbwembwe zote. Nikakata uzi, nikazimimina lulu kwenye kitambaa, nikachukua lenzi. Weusi ulikuwa umekusanyika ukingoni mwa matundu na kwenye vinyufa. Nikachukua pamba, nikailowesha kwa maji ya sabuni, nikasugua lulu moja. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia. Hapo nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nikamwonyesha Koko ile pamba, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi mbele ya duka:

"Koko, hizi zilitiwa rangi. Si nyeusi ya kuzaliwa."

Nilidhani atanishukuru. Koko Zaituni aliitazama pamba, akanitazama mimi, kisha akafunga vizuri ncha ya kitenge chake.

"Utunge tu, mwanangu," akasema. "Arusi iko ijumaa ingine."

Mama Salima alikuwa ameshageukia mlango, na hilo peke yake lingepaswa kunitisha.

Siku tatu baadaye nilirudi nyumbani nikamkuta mama yangu amekaa na sufuria haijawekwa motoni. "Mwajuma," akasema, "unajua ile kitu ulisema kule kwa Mugiriki?"

Sikujua. Ndipo mama aliponieleza jambo ambalo wakubwa wa kwetu walilijua wote na hakuna aliyelitamka. Katika familia hizi, miaka ile ya zamani, kulikuwa na wanawake walioolewa kwa ndoa na kulikuwa na wanawake waliotekwa wakaletwa. Watoto walizaliwa na wote, wakachanganyika, wakavaa kanzu zilezile na kusali msikiti uleule. Lakini watu hawakusahau. Na ule mkufu ndio uliokuwa ushahidi wa Koko Zaituni. Mtu wa pwani hampi mtumwa wake lulu za bahari, watu walisema, kwa hiyo mama yake alikuwa mke wa ndoa, muungwana. Sasa mimi nimesema zimepakwa rangi. Na shanga za kupakwa rangi ndizo walizopewa watumwa.

"Benyewe banasema sasa mama ya Koko alikuwa mutumwa," mama akasema. "Ile jamaa ya kijana inaomba arusi ingojee. Banataka kuuliza-uliza kwanza. Mutoto Aziza analia tangu jana. Ni mudomo yako njo ilifanya."

Sikula usiku ule. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena katika maisha yangu, na hata leo ninapoandika haya masikio yananiwaka. Nilikuwa nimemvua mwanamke mzee nguo mbele ya watu, tena kwa ajili ya kujionyesha.

Asubuhi nilifika dukani kabla ya mlango kufunguliwa. Lulu za Koko zilikuwa bado kwenye sahani, sijazitunga. Papa Romain alipoingia nikamweleza yote huku nalia. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia pole. Alivuta kiti chake kando yangu.

"Tuanze kwa mwanzo," akasema. "Jino?"

Nikapitisha moja kwenye jino. Ikakwaruza.

"Donc iko lulu. Unga?"

Nikakwangua tunduni kwa sindano, ndani kabisa, si ukingoni. Unga ulioanguka kwenye karatasi ulikuwa mweupe kama chokaa. Nikautazama mpaka macho yakaniuma. Kama ni fedha, ungekuwa mweusi.

"Vidole ya kaka yako," Papa Romain akaendelea, "inatokaka na sabuni?"

Nikaacha sindano. Miaka mitatu mama yangu alikuwa amegombana na vile vidole kwa kila sabuni iliyouzwa Kisangani, na havikutakata hata siku moja. Kitu kilichotoka kwenye pamba yangu kwa sabuni tu hakikuwa kimeingia ndani ya lulu. Kilikuwa juu yake. Nilikuwa na jibu mbele ya macho yangu, tena jibu la nyumbani kwetu, nami nililipita mbio.

"Basi ni nini hii?" nikauliza.

Ule uzi wa zamani ulikuwa bado kwenye kibweta. Hilo ni jambo ambalo nilikuwa nimelifanya sawa, na ninyi lifanyeni: msitupe uzi wa mteja mpaka awe amechukua kitu chake. Papa Romain aliuokota, akausugua katikati ya vidole, vidole vikapata mafuta. Akaupeleka puani. Akakunja uso, akanusa tena.

"Inanuka kanisa," akasema.

"Kanisa namna gani?"

"Kanisa, siku ya fête. Ile moshi ya padri."

Nikamnyang'anya uzi nikaunusa. Sikusikia kitu. Naapa sikusikia kitu chochote, ulikuwa uzi tu. Nikanusa tena nimefumba macho, ndipo taratibu ikanijia: nguo za mama yangu kwenye sanduku, nywele za shangazi zangu, chumba cha ndani siku ya arusi. Udi. Udi na mafuta ya sandali. Harufu ile nilizaliwa ndani yake, nikavaa ndani yake, na siku ile Koko alipoumimina mkufu mkononi mwangu pua yangu iliiona kama hewa. Ilibidi Mkatoliki wa maporomoko aniambie mimi, Mwajuma, jinsi nyumba za kwetu zinavyonukia.

Nikachukua lulu moja nikaisafisha kwa subira, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo na kitambaa laini. Ilinichukua karibu asubuhi nzima. Weusi ukawa kahawia, kahawia ikawa manjano, na mwishowe ikabaki lulu ya bahari, nyeupe ya maziwa yenye wekundu kidogo kwa mbali. Musyé Niko alikuja akaitazama kwa lenzi, akapiga mbinja. "Ya zamani sana," akasema. "Muzuri sana. Hii hapana rangi, hii moshi."

Mchana huohuo nilikwenda kwa Koko Zaituni, sahani imefunikwa kwa kitambaa. Nikamkuta amekaa ukumbini kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza, "Koko, mbele ya kuvaa hii mkufu, munaifanyaka nini?"

"Tunaipaka mafuta ya sandali," akasema. "Tunaiweka juu ya chetezo, tunatia udi, inavuta moshi mpaka bibi arusi amalize kuvaa. Mama yangu alifanya vile. Mimi nilifanya kwa mabinti yangu."

Nikamwonyesha ile nyeupe kati ya nyeusi. Aliishika kwa muda mrefu. Akasema yeye alizikuta nyeusi siku ya arusi yake, mabinti wengine wa ukoo wakiwa wameshazivaa, hajawahi kujua kwamba zilikuwa na rangi nyingine. Nikamwambia lulu ni za kweli, za bahari, nyeupe kwa kuzaliwa, na weusi wake ni arusi za mabinti wa nyumba hii. Nikamsihi amwite Mama Salima, maana nililiharibu mbele yake na nilitaka kulitengeneza mbele yake.

Alikubali, ingawa bila haraka. Mama Salima alikuja na wanawake wawili wa jamaa yake, wakaketi. Niliwaonyesha kila kitu. Niliwapitishia lulu kwenye meno, nikakwangua unga mweupe mbele ya macho yao, nikawapa uzi wanuse. Nikasema kwa sauti ileile niliyotumia dukani, "Mimi njo nilikosa. Nilisema uongo bila kujua. Lulu ya Koko iko ya kweli." Moyo ulinitulia. Nilidhani nimemrudishia Koko Zaituni kitu nilichomwibia, na kwamba kazi yangu imekwisha.

Mama Salima akavuta pumzi. "Basi tumekosa, Koko," akasema. "Kama lulu iko ya kweli, donc mama yako alikuwa muke wa ndoa, muungwana. Utusamehe. Arusi iendelee."

Wenzake wakaitikia. Mimi nikatabasamu. Koko Zaituni peke yake ndiye ambaye uso wake haukubadilika.

"Na kama ingekuwa ya rangi," akauliza, "mama yangu angekuwa nini?"

Mama Salima akaanza kurekebisha kitenge chake.

"Mi nitakuambia," akasema. Hakupaza sauti. "Mama yangu balimukamata kule mutoni, chini ya Isangi, akiwa musichana. Balimuleta na kamba ku shingo, ku mitumbwi ya batu. Kamba njo ilitangulia. Lulu baba yangu alimuvalisha nyuma, ile siku mimi nilizaliwa. Ni shingo moja ile. Mutumwa alikuwa, na lulu iko ya kweli. Nilinyamaza miaka yote kwa sababu batu balipenda ile habari ingine." Akamgeukia Mama Salima. "Sasa unajua. Sema kama mutoto wenu anaoa mutoto wangu."

Nilitamani nipotee. Nilikuja na jino, na sindano, na unga, nikaleta jibu ambalo hakuna mtu angeweza kulipinga, na jibu hilo halikuwa limemsaidia yule mama hata kidogo. Kwa miaka sitini na zaidi alikuwa ameibeba habari hiyo peke yake, na ni mimi niliyemfikisha mahali pa kuitua.

Mama Salima alitazama mkeka. Wenzake wawili walimtazama yeye. Aliponyanyua uso, ile sauti yake ya sokoni haikuwepo.

"Koko yangu mimi alitoka Lomami," akasema. "Na kamba vile vile. Yeye hata lulu hawakumupa."

Mmoja wa wale wanawake akaanza kulia polepole. Koko Zaituni akanyoosha mkono akaushika wa Mama Salima. Kisha Koko akanigeukia, akaniuliza nimekuja na uzi mpya au hapana. Nikasema nimekuja nao. Nikamuuliza kama anataka nirudi nazo dukani nizisafishe zote.

"Uache," akasema. "Ile moja nyeupe uiweke nyuma ya shingo, tujue iko. Tunga hapa hapa, siku imekaribia."

Nikatia uzi sindanoni. Lulu mbili zikataka kunikimbia. Mama Salima akajivuta karibu kwenye mkeka, akaishika sahani kwa mikono yote miwili ili isitikisike, akanishikia mpaka nikafunga fundo la mwisho.